Haidroksiyurea kwa mtoto mwenye selimundu

Pole na kuuguza, dada. Umeuliza kama umpe mwanao wa miaka 4 haidroksiyurea aliyoandikiwa kliniki, maana jirani amekutisha kwamba ni dawa ya saratani. Jirani hajadanganya, ila habari kaikata katikati. Dawa hiyo hiyo huamsha himoglobini (kibeba oksijeni ndani ya damu) ya kitoto, ile aliyokuwa nayo tumboni mwako, nayo huzuia chembe nyekundu zisijikunje kama mundu.

Wala mwanao si wa kwanza kujaribiwa. Utafiti wa REACH, uliochapishwa 2019, uliwapa dawa hii watoto 606 wa Angola, Kongo (DRC), Uganda na Kenya (kule Kilifi). Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria na vifo.

Wangu humeza yake usiku, na uji uliopoa. Kinachochosha ni safari za kutolewa damu ya kupima, lakini usiruke tarehe: chembe za damu zikishuka mno, daktari huisimamisha dawa kwanza. Homa ikipanda, usingoje kukuche.

Na huyo mama mkwe anayesema ugonjwa umetoka kwenu, mwambie mtoto karithi kwa wazazi wote wawili. Mwanawe naye yumo.