Barua kwa mwanangu: laleni magharibi, mashariki mwende kutazama

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi wazima, mama yako anakusalimu, ila goti bado linamsumbua akipanda ngazi. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema likizo ya Machi ya watoto mmeamua kuikimbia baridi ya Toronto mwende Barbados, kisiwa cha Karibi, na umeona nyumba ya kupanga Bathsheba, kijiji cha pwani ya mashariki, bei nafuu, picha za kuvutia. Unauliza muichukue au muiache. Halafu unauliza kama zile fukwe za magharibi zenye mahoteli makubwa mtaruhusiwa kukanyaga, nyinyi mnaolala nyumba ya kupanga.

Nyumba ya Bathsheba iacheni. Si kwamba ni pabaya, maana pale ni pazuri kuliko hizo picha. Lakini mna watoto wawili, na mkwe wangu, pamoja na heshima zote ninazompa, kuogelea hajui.

Unajua enzi nikiwa jikoni kwenye meli za watalii tulikuwa tukifunga gati Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, na kupewa saa chache za kushuka. Kisiwa chenyewe ni kidogo, urefu wake kama kilomita 34 na upana 23, lakini bahari zake ni mbili, ya mashariki na ya magharibi, na hazifanani hata kidogo. Wewe umekulia kwenye pwani yenye miamba mbele. Huku kwetu wimbi huvunjika kule nje kwenye matumbawe, likifika mchangani limeshachoka, ndiyo maana mlikuwa mkicheza mabwawani maji yakipwa na hatukuwa na wasiwasi. Bathsheba haina ukuta wa namna hiyo. Pepo za biashara huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, zinasukuma maji ya Atlantiki tangu upande wa Afrika, na yote yanamwagikia pale. Wanaoteleza juu ya mawimbi wanapapenda, sehemu moja wanaiita Soup Bowl. Kwa mtu wa kuoga tu, mkondo wa kurudi ndio mbaya: unasimama maji ya magoti, ghafla mchanga unakutoka chini ya miguu na unavutwa nje.

Nendeni siku moja, tena msikose. Mtaona majabali makubwa yamekaa majini, bahari imeyala shina mpaka unajiuliza yanasimamaje. Maji yakipwa, kati ya miamba hubaki vidimbwi, wenyeji hukaa humo wakajipoza. Kaeni nao, lakini mtoto asivuke mwamba wa mbele. Mkitaka kuoga hasa upande huohuo wa mashariki, teremkeni kusini kidogo mpaka Bath, pale kuna mwamba unaozuia wimbi.

Kulala, laleni magharibi. Paynes Bay, Mullins, au juu zaidi Speightstown ambako pametulia. Upande ule kisiwa chenyewe kinakinga upepo, bahari imelala. Na kuna jambo litakalokushangaza wewe mtoto wa Tanga: maji hayaendi mbali. Huku bamvua ikija, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, kule haifiki hata mita moja. Hutahesabu mwezi wala kumuuliza mvuvi. Asubuhi, adhuhuri, jioni, maji yapo palepale.

Sababu nyingine ya kuukimbia mashariki ni mwani. Tangu 2011 mwani wa kahawia uitwao sargassum umekuwa ukielea kutoka Atlantiki kwa wingi na kutua kwenye fukwe za mashariki na kusini. Ukioza unanuka kama yai viza. Kuna miaka unaanza mapema, na Machi unaweza kuukuta.

Sasa hilo la kuruhusiwa. Barbados ufuko ni wa umma, wote. Hoteli inamiliki viti vyake na miavuli yake, mchanga haimiliki. Tatizo ni kufika: nyumba za matajiri zimejipanga ukuta kwa ukuta, na njia ya umma hupita katikati, nyembamba, utadhani ni mlango wa nyuma wa mtu. Tafuteni kibao, piteni, tandikeni kanga zenu. Mlinzi akikukodolea macho msalimie. Kule kutomsalimu mtu kwanza ndiko kunakoudhi, hata dukani anza na habari za asubuhi kabla hujataja bei.

Hapa sikiliza vizuri, waeleze na wajukuu zangu. Fukweni huko, hasa magharibi, kuna mti uitwao manchineel. Unatoa kivuli kizuri, na matunda yake ni kama tufaha dogo la kijani, yana harufu tamu, yanaanguka mchangani. Ni sumu. Utomvu wake mweupe unakufanyia ngozini yale ambayo wa mnyaa ungekufanyia machoni, na zaidi. Mvua ikinyesha ukajificha chini yake, matone yanayopita kwenye majani yanatosha kukutoa malengelenge. Mingi imepigwa mkanda wa rangi nyekundu kwenye shina au imewekewa kibao, lakini si yote. Kanuni yangu ni fupi: mtoto asiokote tunda lolote ufukweni, na kivuli chenu kiwe cha mwavuli au mnazi. Mnazi nao mtazame juu kwanza.

Jua usidanganywe na upepo. Unahisi baridi nzuri, kumbe unaungua, na usiniambie sisi weusi hatuungui. Wavalisheni watoto fulana za kuogea. Lakini zisiwe za mabaka ya kijeshi! Kule sheria inakataza raia kuvaa mabaka hayo, hata mtoto, hata begi. Usicheke, kagua masanduku.

Kasa mtawaona Carlisle Bay, karibu kabisa na Bridgetown, pamoja na mabaki ya meli zilizozama maji mafupi. Mashua za watalii huwalisha ili waje. Mimi sipendi. Mnyama akishazoea mkono wa mtu, kesho atamfuata hata mwenye nyavu. Waangalieni kwa miwani ya maji, msiwaguse.

Usafiri usikutishe. Kuna vile vigari vyenye namba za ZR, muziki juu, kondakta mlangoni, utajiona uko nyumbani. Magari hupita kushoto kama huku. Ijumaa usiku nendeni Oistins, kusini mwa kisiwa, wanachoma samaki pembeni ya soko, watu wanacheza dansi. Muulizie cou-cou: ni ugali wa mahindi uliosongwa na bamia, unaliwa na samaki warukao. Mama yako nilipomweleza alisema bamia ndani ya ugali ni uchafuzi, lakini yeye hajaonja.

Na karibu na hukohuko kusini kuna Newton, makaburi ya watumwa wa shamba la miwa, watu wapatao 570. Kwa miaka mingi palikuwa uwanja wa majani tu. Pitieni kabla ya kurudi kwenye maji, watoto wameshafikia umri wa kuelezwa.

Mkwe wangu mwambie aamke alfajiri aende Brownes Beach, ufuko wa hapo Carlisle Bay. Atakuta wazee wa umri wangu wamesimama ndani ya maji mpaka kifuani, kofia kichwani, wanapiga soga za kriketi na siasa, hakuna anayeogelea. Asimame nao. Wakimuuliza anatoka wapi aseme kweli, watamshika maswali mpaka jua lipande, na mmoja wao hatakosa kumfundisha kulala chali juu ya maji. Mimi ndivyo nilivyowafahamu.

Mkipata nyumba nyingine nitumie jina la kijiji kabla hujalipa, nikuambie bahari yake.

Wasalaam,
Baba yako