Anza na bafu, mteremko wa mlangoni utafuata

Ndugu, nimekuelewa: mama amebaki na udhaifu upande wa kushoto baada ya kiharusi, anatembea kwa mkongojo, na fedha uliyonayo inatosha kazi moja tu kwa sasa, kurekebisha bafu au kujenga mteremko badala ya ngazi za mlangoni. Mimi ningeanza na bafu. Ngazi atapanda akiwa na mtu. Chooni anaenda usiku, peke yake, tena mbiombio.

Fungia vyuma vya kujishikia karibu na choo na pale anapoogea, upande wa kulia akiwa amekaa, maana huo ndio mkono wenye nguvu. Skrubu ziingie kwenye tofali au zege, siyo plasta tu, kisha vivute mwenyewe kwa uzito wako wote kabla mama hajavigusa. Kile cha kutundikia taulo hakihesabiki, ingawa kila anayeteleza hukimbilia hicho hicho. Ondoa vijizulia, na usiku acha taa ndogo ikiwaka kutoka kitandani hadi chooni.

Mteremko ukifika zamu yake, kila sentimita 1 ya kimo idai angalau sentimita 12 za urefu. Ngazi zenye kimo cha jumla cha sentimita 30 zinataka mteremko wa mita 3.6. Fundi atataka kufupisha, mkatalie.

Kabla ya kutoboa ukuta, mwombe mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mgonjwa kumudu shughuli za kila siku) au wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) amtazame mama akikaa na kuinuka. Ila akipata ghafla udhaifu mpya, mdomo kwenda upande au maneno kumkwama, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.