Mwarobaini: kuoga sawa, kunywa taratibu jamani

Mimi nimekulia Tanga, mwarobaini ulikuwa pale pale uani, kwahiyo ukiumwa chochote bibi anachuma majani anachemsha, tumbo mwarobaini, vipele mwarobaini, homa mwarobaini. Jina lenyewe si ndo linasema magonjwa arobaini. Mti asili yake huko India na majirani zake, kwenye Ayurveda, yani tiba ya jadi ya huko India, wanauita nimba na wanautumia sana kwa ngozi na meno, yani mtu anakata kijiti anatafuna ncha mpaka inakuwa kama brashi afu anaswakia.

Sasa nisikilize kosa langu. Mwaka juzi nilishikwa na homa, nikasema zahanati ya nini na mti ninao, nikachemsha sufuria nzima nikawa napiga kikombe asubuhi na jioni, ule uchungu unakaa kooni mpaka chai unaiona chungu. Siku ya nne nashika ukuta kwenda chooni. Kutobolewa kidole tu, malaria hiyo hapo! Nimepona kwa dawa mseto, sio kwa sufuria. Ukiwa na homa nenda kapime kwanza.

Mie sasa hivi nautumia kuogea. Vipele vya joto vikinitoka mgongoni nachukua majani viganja viwili, nachemsha mpaka maji yawe kijani kibichi, yakipoa nachuja najimwagia na sijisuuzi. Kuwashwa kunapungua usiku huohuo.

Mama mjamzito asinywe kabisa. Mwenye sukari anayetumia dawa amwambie daktari kwanza maana mwarobaini nao unashusha sukari, vikikutana viwili unaweza kuanguka. Na yale mafuta ya mbegu usimnyweshe mtoto mchanga hata tone, kuna watoto yamewadhuru vibaya.

Afu hakikisha mti ni wenyewe. Kuna ndugu yake wa maua ya zambarau watu wanauchanganya nao, matunda yake ni sumu. Wa kwetu maua meupe, na vijani vimepangwa pande mbili za kikonyo kimoja, huyo mwingine kikonyo kinagawanyika tena vikonyo vidogo.

Majani yakibaki nayaanika kivulini natia kwenye ndoo ya maharage, fukusi siwaoni siku hizi. Ila uyaoshe vizuri kabla ya kupika, mara ya kwanza nilisahau nyumba nzima ikala maharage machungu.