Riwaya za taharuki kwa wanafunzi wa sekondari: ninazozipendekeza na sababu zake

Kwa kuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, wazazi huniuliza mara kwa mara wamnunulie kijana wao riwaya gani, na karibu kila mmoja huongeza sharti kwamba kitabu hicho kiwe na mafunzo. Sharti hilo huliweka kando kwa adabu. Kijana wa miaka kumi na minne akishahisi kwamba anahubiriwa, hukifunga kitabu kabla ya sura ya pili, na huwezi kumlaumu. Ninachokitafuta mimi ni riwaya inayomshika msomaji kwa hamu ya kujua nini kitatokea, kisha ikamwachia swali la kwa nini limetokea, swali ambalo ukurasa wa mwisho haulimalizi.

Kwa msomaji anayeanza, namtanguliza Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960, na mpaka leo bado inawakosesha usingizi wanafunzi wangu. Tajiri mmoja ameuawa, na maiti yake imekutwa kwenye mzimu, mahali ambapo watu wamezoea kuogopa kuliko kuuliza. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum kando, anakuja kuuliza. Msomaji analazimika kuamua kama atausadiki uvumi au ushahidi, na hapo ndipo taharuki na fikra zinapokuwa kitu kimoja.

Darasani huwa nawaomba wasomaji, wakifika katikati ya kitabu, waandike kwenye kikaratasi jina la mtu wanayemshuku pamoja na sababu moja iliyomo kitabuni, wakikunje na kunikabidhi. Vikaratasi hufunguliwa wote wakishamaliza kusoma. Kijana mmoja aliwahi kuandika neno moja tu, "mzimu", kisha akautetea uamuzi wake kwa kutaja mambo yaliyomo kitabuni kwa ufundi uliowanyamazisha wenzake waliokuwa wamejiandaa kumcheka. Alikuwa amekosea, lakini alikuwa amesoma kwa makini kuliko wengi waliopatia. Tahadhari yangu kwa walezi walio bara ni kwamba Kiswahili cha mwandishi huyu ni cha Unguja, kimejaa kejeli na maneno ambayo kijana hajayasikia nyumbani. Mwacheni ayaruke. Kumlazimisha afungue kamusi katika kila aya ni kumuua muuaji kabla hajapatikana.

Anayetaka mwendo wa haraka zaidi nampa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965. Baada ya hapo vijana huzifikia wenyewe riwaya za Elvis Musiba, zenye mpelelezi Willy Gamba, na za Ben Mtobwa, zenye Joram Kiango. Siwazuii, kwani ni nadra kupata mwandishi anayejua kukatisha sura kama hawa wawili. Hata hivyo naona ni lazima mlezi azisome kwanza, kwa sababu zimeandikwa kwa ajili ya watu wazima na baadhi ya matukio yake ya mapenzi na ya umwagaji damu hayamfai mtoto wa kidato cha kwanza. Kikosi cha Kisasi cha Musiba, kilichochapishwa mwaka 1979 na kinachompeleka Gamba mjini Kinshasa, nakitoa kwa wanafunzi wa kidato cha nne pamoja na ombi moja: waangalie wanawake wamepewa kazi gani katika hadithi hiyo. Wasichana hulijibu ombi hilo kwa hasira nzuri sana.

Watu hushangaa ninapoiweka Kusadikika ya Shaaban Robert katika kundi la riwaya za taharuki. Wengi waliisoma kwa ajili ya mtihani, wakakariri dhamira na wahusika, wakasahau kwamba ni hadithi ya mtu aliyesimama kizimbani huku maisha yake yakiwa hatarini. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno, katika nchi inayoelea angani, kwa kosa la kutaka kueneza elimu ya sheria. Utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi yao, na kila mmoja akaishia gerezani. Mshtakiwa anayeruhusiwa kusema siku baada ya siku anakuwa yeye ndiye anayewashtaki waamuzi wake, na msomaji makini huanza kujiuliza watamvumilia mpaka lini.

Kitabu hiki huwasomea kwa sauti mashtaka tu, kisha nakifunga na kukiweka juu ya meza. Sisemi lolote kuhusu mwandishi wala wakati wake. Wakishamaliza ndipo ninapowaambia kwamba kilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na hapo mjadala huwaka wenyewe: Kusadikika ni wapi, na kwa nini mwandishi aliipeleka angani? Ningewaambia mapema, wangekuwa na jibu kabla ya kuwa na swali. Kwa maoni yangu, utangulizi mrefu wa mwalimu umeharibu riwaya nyingi kuliko uchapaji mbaya.

Kuna vijana wasiopenda maiti wala mahakama, na hao nawapa Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambamo Kongowea, baada ya kumpoteza mama yake aliyekuwa mwimbaji wa taarabu mjini Tanga, anaanza safari ya kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Wapenzi wa safari za angani wataipenda Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995: Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha angani, na anakofika kunamfanya aitazame upya nchi iliyomhukumu. Hii yataka msomaji aliyekwisha kuonja siasa kidogo.

Kwa wenye miaka kumi na sita na kuendelea, naipendekeza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume wa kumzaa, anaikimbia ndoa yake katika Zanzibar ya wakati wa ukoloni na kukutana na Denge, ambaye polisi wanamwandama kwa sababu za kisiasa. Filamu iliyotokana na riwaya hii, ya mwaka 2021, iangaliwe baada ya kusoma. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na habari hiyo peke yake hutosha kuwafanya vijana waitafute. Mimi siifichi, lakini simpi kijana akaisome peke yake, kwa kuwa inazungumzia kujiua. Humwomba mama, shangazi au dada mkubwa aisome sambamba naye, wazungumze kila baada ya sura chache kuhusu malezi ya Zakaria, baba yake Rosa, na mahali ambapo mtu mzima yeyote angeweza kumnusuru Rosa.

Nagona na Mzingile za mwandishi huyohuyo, ingawa ni vitabu vyembamba na vijana huvinyakua kwa sababu hiyo, nimevihamishia rafu ya walimu.