Kwa nini filamu ya Federer imewaliza wengine na kuwachosha wengine

Ndugu, umeuliza kwa nini Federer: Twelve Final Days, filamu ya 2024 kuhusu kustaafu kwa mchezaji tenisi Roger Federer, imewaliza baadhi ya watazamaji huku wengine wakisema haina jipya. Naona pande zote mbili zina haki. Filamu inashughulika na zile siku chache za Septemba 2022, tangu alipotangaza kustaafu hadi mechi yake ya mwisho kwenye Laver Cup, mashindano ya timu, pale London. Anayetaka kuelezwa safari nzima ya mataji 20 ya Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa zaidi ya tenisi, atabaki na njaa.

Ila aliyemfuatilia miaka yote hahitaji kusimuliwa hayo. Kinachomliza ni Rafael Nadal, mpinzani wake wa miaka mingi. Yule yule aliyemfunga fainali ya Wimbledon 2008 ndiye aliyesimama naye upande mmoja wa neti usiku wa mwisho, wakacheza wawili wawili na kufungwa na Wamarekani Jack Sock na Frances Tiafoe, kisha wakaketi wakitokwa machozi, wameshikana mikono. Mpinzani wako mkubwa kulia hivyo kwa sababu unaondoka! Hapo nami nilishindwa kujizuia.

Kama hukuwahi kufuatilia tenisi, tazama kwanza ile fainali ya 2008, ndipo urudi kwenye filamu.