Kura yangu ni Malaika, na kipimo changu ni vinywa vya watu

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza ni wimbo upi, kati ya vibao vyote vilivyowahi kutamba duniani tangu enzi za santuri, unaostahili kuitwa bora kuliko vyote, na msomaji ametumia kipimo gani kuufikia. Jibu langu ni Malaika. Hata hivyo, sehemu ya pili ya swali lenu ndiyo yenye uzito, kwa kuwa ubishi wa namna hii huharibika mapema pale watu wanapoanza kutaja nyimbo kabla ya kukubaliana wanapima nini, na matokeo yake mmoja anapima mauzo, mwingine anapima umaarufu wa mwimbaji, na wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, anapima ujana wake.

Mauzo ndicho kipimo kinachotajwa kwanza. Rekodi ya Bing Crosby ya White Christmas, wimbo wa Irving Berlin uliorekodiwa mwaka 1942, inakadiriwa kuuza nakala milioni 50, na hakuna santuri nyingine ya wimbo mmoja iliyoifikia. Sina ugomvi na wimbo huo, ambao hata katika maduka ya hapa Dodoma husikika kila Desemba ukisifu theluji, ilhali wanunuzi wenyewe wanatazama mawingu na kuulizana kama mvua ya kupandia itafika. Lakini mauzo yanahitaji duka, na duka linahitaji bidhaa. Bendi zetu nyingi katika miaka ya 1970 na 1980 zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki katika maktaba ya redio, na wimbo ukafika Kongwa au Manyoni kwa njia ya hewa tu. Sisi tuliokulia huku tulizipata nyimbo za NUTA Jazz, za Mlimani Park na za Marijani Rajab kwa kuvizia: unaanika betri juani zipate nguvu, unaweka kaseti tupu, na kipindi cha salamu kikianza unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, huku ukiomba mtangazaji asiongee juu ya gitaa la mwanzo. Nakala za aina hiyo hakuna aliyezihesabu. Idadi ya watazamaji wa YouTube, ambayo utangulizi wenu uliipendekeza, ina kasoro ileile, kwa kuwa inaupendelea wimbo wa juzi uliotoka wakati kila mtu ana simu mkononi, na kuwapunja waliotamba wakati kijiji kizima kilikuwa na redio mbili.

Kura nazo zimekwisha kujaribiwa. Mwaka 2002 Idhaa ya Dunia ya BBC, katika kuadhimisha miaka 70 tangu kuanzishwa kwake, iliwaomba wasikilizaji wachague wimbo wanaoupenda kuliko nyimbo zote, na ushindi ukaenda kwa A Nation Once Again, wimbo wa kizalendo wa Ireland kama ulivyoimbwa na kundi la The Wolfe Tones. Nafasi ya pili ilichukuliwa na Vande Mataram wa India na ya tatu na Dil Dil Pakistan. Anayejua historia ya majirani hao wawili haambiwi zaidi: pale watu walikuwa wanapigania bendera, muziki ukiwa kisingizio.

Jopo la wataalamu ndilo lenye heshima kubwa, lakini nalo halisimami mahali pamoja. Jarida la Rolling Stone la Marekani lilitoa mwaka 2004 orodha ya nyimbo 500 bora za wakati wote, karibu zote zikiwa za Kiingereza, na likauweka juu kabisa wimbo Like a Rolling Stone wa Bob Dylan. Orodha hiyo ilipofanywa upya mwaka 2021, nafasi ya kwanza ilikwenda kwa Respect wa Aretha Franklin, na Dylan akashuka hadi nafasi ya nne. Wimbo wake haukuwa umebadilika hata noti moja katika miaka hiyo 17. Waliobadilika ni wapiga kura.

Hata hivyo, mabadiliko hayo ndiyo yaliyonipa kipimo. Respect haukuwa wimbo wa Aretha tangu mwanzo. Aliyeutunga na kuuimba mwaka 1965 ni Otis Redding, na kwake yeye ulikuwa ombi la mwanamume anayetaka kuheshimiwa anaporudi nyumbani. Miaka miwili baadaye mwanamke akauchukua, akayageuza madai, na wimbo ukawa mkubwa kuliko ulivyokuwa kwa mwenyewe. Naamini ubora wa wimbo wa watu wengi unaonekana hapo hapo, katika uwezo wake wa kuhama kinywa. Ukitoka kwa mwimbaji wake, ukavuka lugha yake, ukaondolewa vyombo vyake, halafu mtu asiyelazimishwa na yeyote akauimba na bado ukawa na nguvu, huo ni wimbo bora. Ukibaki mzuri kwa sauti moja tu na katika rekodi moja tu, basi ni rekodi bora, na hilo ni shindano jingine.

Kipimo hiki sikukipata vitabuni. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na baada ya kustaafu nakodisha vyombo vya muziki kwa ajili ya sherehe hapa mjini, kazi ambayo wanangu waliicheka hadi walipoona inalipa. Dodoma ni mahali pazuri pa kufanyia uchunguzi wa aina hii, kwa sababu tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, ukumbi mmoja wa harusi unaweza kuwa na ukoo wa bwana harusi kutoka Kagera, ukoo wa bibi harusi kutoka Mtwara, wafanyakazi wenzao kutoka kila mkoa, na majirani Wagogo ambao wote hao wamewakuta hapa. Mpiga muziki anayetegemea nyimbo za kundi moja ataona meza nusu zikibaki zimekaa.

Na umeme hukatika. Katika sherehe moja ya kumuaga binti, huko Makole, ulikatika wakati Malaika imefika ubeti wa pili, na jenereta ikagoma kuwaka kwa muda ambao kwa mwenye vyombo ni mrefu mno. Nilikuwa nyuma ya ukumbi nikimmulikia kijana wangu tochi ya simu, kwa hiyo niliyasikia haya kupitia ukutani. Watu hawakunyamaza. Waliendelea kutoka palepale spika zilipoachia, polepole kidogo kuliko rekodi, na baada ya mistari kama miwili kikundi cha akina mama waliotoka Mvumi kikawaachia wengine sauti ya kwanza: mmoja alipanda juu kabisa, wengine wakashuka chini yake, na wimbo wa mtu mmoja mwenye gitaa ukasimama kwa sauti tatu au nne bila mtu yeyote kuelekeza. Anayewajua Wagogo hatashangaa. Kuimba kwa sauti nyingi zinazopishana ni jadi yao, na marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu, aliitembeza jadi hiyo duniani pamoja na zeze na marimba. (Nyimbo za jadi sizishindanishi hapa, kwa kuwa swali lenu linahusu vibao, na kuziingiza ngoma za mavuno katika mashindano ya redio ni kuzidhalilisha.) Ninachosema ni kwamba Malaika iliingia katika jadi ya watu wengine kabisa, gizani, na haikupungukiwa na chochote.

Tangu hapo nimekuwa nikizisikiliza nyimbo nyingine kwa sikio hilo. Maria Salome wa Saida Karoli, ambao watu wengi waliuita Chambua Kama Karanga, uliteka nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000 ingawa uliimbwa kwa Kihaya, na kwa kuchezesha watu sijui unaoufikia. Lakini ukiuondolea vyombo, wasio Wahaya wanabaki na kiitikio tu na kumung'unya beti. Zuwena wa Marijani Rajab naupenda kwa moyo wangu wote. Hata hivyo, hadithi yake imeshikamana na sauti ya Marijani kiasi kwamba kila anayeuimba anajikuta anamwigiza yeye. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe zinategemea gitaa lake, na gitaa lile lilikwenda naye alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1979. Jambo Bwana wa Them Mushrooms wa Mombasa umehama vinywa vingi mno, lakini ni wimbo wa kumkaribisha mgeni, na sijawahi kusikia mtu akiuimba peke yake anapofua nguo.

Aliyenipa taabu ya kweli ni Prince Nico Mbarga. Wimbo wake Sweet Mother, uliotoka mwaka 1976, ulichaguliwa na wasomaji na wasikilizaji wa BBC mwaka 2004 kuwa wimbo unaopendwa kuliko zote Afrika, na safari hii nawaunga mkono wapiga kura. Umeimbwa kwa Kiingereza cha mitaani cha Afrika Magharibi, ambacho hapa hakuna anayekisema, na bado mama wa bibi harusi akiingia ukumbini nikiupiga, hakuna anayehitaji mkalimani. Unashindwa na Malaika kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba nusu ya utamu wake umo katika magitaa yanayokimbizana, na magitaa hayo hayaimbiki kwa mdomo.

Malaika haidai kitu chochote cha namna hiyo. Tuni yake inapanda na kushuka ndani ya mipaka ambayo hata asiyejua kuimba anaiweza, na maneno yake ni machache na ya kila siku. Kijana anampenda msichana, angemuoa, lakini hana mali. Basi. Wimbo hausemi kwamba msichana amekataa, wala kwamba wazazi ni wabaya. Kikwazo ni mfuko. Nyimbo za mapenzi za dunia nzima zimejaa wivu, usaliti na kuachana, mambo ambayo mtu anaweza kubahatika kuyaepuka, ilhali huu umesimama juu ya jambo ambalo wanaume wengi wa nchi hizi wamelipitia. Kwa Mgogo mahari ni ng'ombe, na mwaka wa ukame unaweza kuahirisha ndoa. Nimemwona mzee kutoka Bahi akiusikiliza wimbo huu hadi mwisho huku amefumba macho, na sidhani kwamba alikuwa anaisikiliza sauti ya mwimbaji.

Kuhusu nani aliutunga, ubishi haujaisha. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi na kuutangaza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wapo wanaosema kwamba Mtanzania Adam Salim alikuwa ameutunga tangu miaka ya 1940. Baada ya hapo ukahama: Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu ya mwaka 1965 iliyopata tuzo ya Grammy, kundi la Boney M likauchukua mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akauimba mwaka 1991. Makeba hakuwa Mswahili na matamshi yake yanaonyesha hivyo, lakini waulize Waswahili wenyewe ni sauti ya nani wanayoisikia kichwani wimbo huu unapotajwa.

Kuhama kinywa kuna gharama, na sitaki nionekane kuifumbia macho. Mbube, aliourekodi Solomon Linda huko Johannesburg mwaka 1939, umesafiri pengine kuliko wimbo mwingine wowote wa Afrika. Kundi la The Weavers liliuimba Marekani, kundi la The Tokens likaufanya The Lion Sleeps Tonight mwaka 1961, na baadaye ukaingia katika filamu ya katuni inayojulikana na kila mtoto. Linda aliuza haki zake kwa fedha kidogo, akafariki maskini mwaka 1962, na familia yake ikasubiri hadi mwaka 2006 kufikia makubaliano ya malipo. Kwa kipimo changu Mbube ungeweza kushinda. Nimeuweka chini kwa sababu kilichosafiri zaidi ni tuni, huku maneno ya Kizulu yakitupwa njiani na kubadilishwa na mengine, wakati Malaika imeimbwa kwa Kiswahili chake karibu kila ilikokwenda.

Najua pingamizi litakalokuja, hasa kutoka Arusha na Zanzibar, kwamba huu ni wimbo wa watalii, unaopigwa katika kila hoteli na bendi zilizochoka, wakati wageni wanakula. Ni kweli unapigwa hivyo, na mara nyingi unapigwa vibaya. Lakini wimbo unaoweza kuchezewa hivyo kila usiku kwa miongo kadhaa, na kesho yake ukaimbwa na akina mama wa Mvumi kana kwamba ni mali ya kijiji chao, unahitaji utetezi gani zaidi? Nafasi ya pili naipa Sweet Mother, ya tatu Mbube, ya nne Respect. Zuwena naiweka ya tano kwa upendeleo wa wazi, na atakayenipinga kwa hilo aje na wimbo wake, nami nitaupiga ukumbini kisha nizime mashine mimi mwenyewe.

Msomaji wenu,
Dodoma