Jibu: Tumepata mfadhili, tuanzeje? – Msiguse akiba ya chama

Msiende benki Ijumaa. Tafadhali, dadangu, msiende.

Nimesoma swali lako hapa jukwaani nikiwa ndani ya matatu nikapitiliza kituo changu. Umeuliza mambo manne: msajiliwe kama kikundi cha kijamii au kama shirika la manufaa ya umma, mtengeneze tovuti au msubiri, mpate wapi dada wa kujitolea wa klabu yenu ya wasichana hapo Kayole, na kama kuna ubaya "kuazima" 280,000 kutoka akiba ya chama chenu cha akina mama ili mradi uanze, kisha mfadhili arudishe mkimpelekea risiti. Hilo la nne umelitia mwishoni kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya huku miguu inaondoka. Mimi naanza nalo, kisha usajili; tovuti na dada wa kujitolea vitangoja.

Chama chetu cha kuweka akiba kilianza 2016 Mathare, Nairobi, upande wa Mlango Kubwa, tukiwa akina mama 22. Kila Jumapili baada ya ibada kila mmoja alitoa shilingi 300: 200 za mzunguko wa kupeana kwa zamu, 100 za akiba. Akiba tulikopeshana pale pale mezani, faida tukagawana Disemba, na mwenye kutaka kutoa akiba yake kwa ajili ya karo alitoa taarifa Novemba. Hakuna aliyewahi kukosa pesa yake. Miaka sita, hakuna.

Klabu ya wasichana ilizaliwa humo humo, 2018, baada ya mama mmoja anayeshona nguo soko la Gikomba kugundua kwamba binti yake anabaki nyumbani siku nne kila mwezi na kumdanganya mwalimu kuwa ni malaria. Tukaanza kushona sodo, pedi za hedhi, za kufua. Wasichana 12, kisha 35. Halafu shule zikafungwa Machi 2020. Sheria ya elimu ilikuwa imebadilishwa tangu 2017 ili wasichana wapewe sodo bure, lakini sodo hizo zilipitia shuleni, kwa hiyo lango la shule lilipofungwa nazo zikafungiwa huko. Kufikia mwisho wa mwaka huo tulikuwa na wasichana 110, wakija kwa zamu kwenye ukumbi wa kanisa. Hakuna aliyeandika andiko la mradi. Huyu alileta vipande vya kitambaa, yule unga wa uji, mwingine cherehani yake mwenyewe kwa mkokoteni. Tuliwafundisha wakariri nambari mbili za simu, 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia, na hiyo haikutugharimu hata shilingi. Mpaka leo naona ndilo jambo kubwa kuliko yote tuliyofanya.

Sasa sikiliza kilichokuja baadaye, maana naona kimeshafika kwenu.

Mwaka 2022 alikuja mshauri wa miradi. Viatu visafi, tarakilishi begani, maneno matamu. Alitutoza 30,000 kutuandikia andiko, na sitaficha hilo: andiko lilikuwa zuri, tulipata. Ruzuku ya 2,400,000 kwa mwaka, kupitia shirika la kati lililopokea pesa za wafadhili wa nje. Tulicheza ngoma pale ukumbini. Sharti lilikuwa moja: tunatumia kwanza, tunapeleka risiti kila robo mwaka, wao wanarejesha ndani ya siku 45. Tena tusibaki Mlango Kubwa, twende na Huruma na Kiamaiko, wasichana wafike 240.

Nikauliza, tutatumia nini kwanza? Mshauri akageukia sanduku letu. Lilikuwa na 612,000. Akasema, maneno haya sitayasahau: "Pesa ikikaa inalala, mama. Iamsheni." Akatutajia Wangari Maathai, jinsi alivyoanza Juni 1977 na miti saba tu pale Kamukunji, karibu na tulipokuwa tumekaa. Nani atabishana na Wangari Maathai? Nilikuja kukumbuka baadaye, usingizi ukiwa umekata, kwamba akina mama wa Green Belt, shirika lake la kupanda miti, walikuwa wakilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Sisi tuliambiwa tulipe ndipo tupande. Yule bwana alijua tofauti hiyo kuliko sisi, kwa sababu ndiyo kazi yake, na alikuwa ameshapokea 30,000 zake kabla hatujatia sahihi. Afisa wa mradi wa lile shirika la kati naye akatuhakikishia kwa simu kwamba pesa zitarudi hata kabla hatujazikosa. Kwa simu, sikiliza hapo. Hakuna hata ujumbe mfupi.

Tulipiga kura. Mikono 22 juu, wangu wa kwanza. Tukatoa 350,000 Julai, tukatoa 233,000 Septemba. Jumla 583,000. Sandukuni zikabaki 29,000.

Oktoba tukapeleka risiti kwa bahasha tatu. Wiki ya pili ya Disemba wakajibu kwamba gharama za 371,000 hazikubaliki.

Nikupe hesabu, uisome pole pole ukiwa na mweka hazina wako. Chakula, 144,000, kimekataliwa kwa sababu mama wa chapati na mama wa maharagwe hawana risiti ya kodi. Posho ya dada 14 wa klabu, 3,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, 126,000, imekataliwa kwa sababu tuliwapa mkononi wakatia sahihi kwenye daftari badala ya kutumiwa kwa M-Pesa. Ukumbi na viti, 61,000, stakabadhi ya kanisa haina PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Vitambaa vya 40,000 tulivinunua siku tano kabla ya tarehe ya mkataba kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Hakuna senti iliyoibwa, hakuna mtoto aliyekosa sahani, na bado karibu theluthi mbili ya kazi ile ikahesabiwa kama haikufanyika.

Na kabla mtu hajaandika hapo chini kwamba hatukusoma mkataba: tulisoma. Niliusoma mimi, kwa sauti, kurasa 14, nje ya kibanda cha chipsi kwa sababu ndani stima ilikuwa imepotea. Ulisema watarejesha "gharama zinazostahiki". Nilidhani chapati aliyokula mtoto mwenye njaa inastahiki. Mwenye kujua vingine alikuwepo, amekaa mbele yetu na tarakilishi yake, na hakusema. Wakili? Wakili wa kusoma mkataba Jumapili jioni Mlango Kubwa mngemtoa wapi nyinyi?

Basi Disemba ikafika na akina mama wakaja kugawana kama kawaida. Nilisimama mbele yao na 29,000.

Mama wa samaki alikuwa na akiba yake sandukuni. Alitoa taarifa Novemba kama sheria yetu inavyotaka, kwa sababu binti yake alikuwa akifanya mtihani wa darasa la nane. Matokeo yakatoka wiki ya Krismasi, mtoto akafaulu, akaitwa shule ya bweni, nzuri, ndoto ya mama yake. Watoto waliporipoti kidato cha kwanza Februari 2023 binti huyo alikuwa nyumbani. Zile 212,000 zilizokubaliwa ziliingia Machi. Binti akaenda shule ya kutwa, wiki kadhaa nyuma ya wenzake. Alikuwa msichana wa klabu yetu. Alikuwa akija tangu akiwa darasa la tano. Pesa za kumpeleka shule tulizitumia kwenye klabu ya kumsaidia abaki shule. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili, lakini ibaki, uione.

Mweka hazina wetu, mwanamke anayeandika hata chumvi ya shilingi tano, aliitwa mwizi kwenye foleni ya maji mbele ya watoto wake. Akahama kwenda kwa dadake Kariobangi. Daftari lake ninalo na kila shilingi imo. Mkataba ukavunjwa kwa sababu robo ya pili hatukuwa na cha kuifanyia kazi. Kati ya 22 tukabaki tisa. Sisi watano wa kamati tulikubali kulipa zile 371,000 kutoka mifukoni mwetu, na mimi nilimaliza sehemu yangu Aprili 2025. Mama wa samaki alilipwa wa kwanza, ingawa shule haikungoja.

Kwa hiyo nakwambia: akiba ya chama haiendi kwenye kazi ya shirika. Hata kwa wiki mbili, hata mfadhili akiwa mtu wa dini, hata mikono yote ikiwa juu. Hasa mikono yote ikiwa juu, maana mama aliyeweka 20,000 kwa mwaka mzima hawezi kukataa mbele ya wenzake anapoambiwa ni kwa ajili ya wasichana. Ataonekana mchoyo. Usimweke mahali hapo.

Badala yake mwandikieni mfadhili barua, si simu. Mwombeni malipo ya mbele, angalau ya robo ya kwanza. Mwulizeni kwa maandishi: chakula cha mama asiye na risiti ya kodi mtakilipa? Posho ya mkononi je? Ukumbi wa kanisa? Mwambieni ajibu moja moja. Siku hizi ni vigumu zaidi, maana tangu Januari 2024 KRA inataka gharama ya biashara iwe na ankara ya eTIMS, ya kielektroniki, na mama mboga wa Kayole mnamjua. Akikataa kutanguliza pesa, mwambieni mtaanza na wasichana mnaoweza kuwalisha kwa mlichonacho. Akiondoka, aondoke. Sisi tulimkataa mmoja 2024 kwa sababu hiyo hiyo, na Jumamosi iliyofuata klabu ikakaa kama kawaida, na uji wake.

Na msidhani ni wafadhili wadogo tu. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, pesa zilizogandishwa zilikuwa pamoja na malipo ya kazi ambayo tayari ilikuwa imefanywa. Mashirika makubwa, yenye mawakili na majengo, yalikwenda mahakamani huko huko Marekani kudai karibu dola bilioni 2. Ikiwa hao walisubiri, wewe na 280,000 za akina mama 14 utasubiri kwenye foleni ipi?

Usajili: kikundi cha kijamii kinawatosha. Sheria ya 2022 ya kusajili vikundi inataka watu kumi, nyinyi ni 14. Ile ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika 14 Mei 2024, ina mzigo wake wa ripoti na hesabu, iacheni mpaka muwe na mtu wa kuubeba. Mkisajiliwa, fungueni akaunti ya pili, ya mradi peke yake, na watia sahihi wake wasiwe wale wale wa akaunti ya chama. Hata mmoja asirudiwe. Sisi mweka hazina alikuwa mmoja kwa zote mbili, ndiyo maana lawama yote ilimwangukia yeye.

Kuna mtu hapo juu amekushauri mchukue mkopo wa Hazina ya Biashara ya Wanawake muwekeze kwenye klabu mkisubiri mfadhili. Hapana. Hazina hiyo ipo tangu 2007 na imeinua akina mama wengi, lakini ni mkopo wa biashara, unalipwa na biashara. Klabu ya wasichana haiuzi kitu. Mtaulipa kwa nini? Kwa akiba. Tumerudi pale pale.

Leo tuko 17. Watano ni wa wale walioondoka wakarudi. Mweka hazina hajarudi, ila huja klabu Jumamosi moja moja na kukaa nyuma, na wasichana humletea uji bila kuambiwa.

Umesema mweka hazina wenu ndiye ataingia benki Ijumaa, na kwamba hajalala vizuri wiki hii. Mpigie leo usiku. Mwambie asitoe, na mwambie mbele ya kikundi kwamba aliyekataa ni wewe mwenyekiti, ili jina lake lisiingie humo. Barua ya kumwomba mfadhili malipo ya mbele ninayo tuliyoitumia 2024, niandikie ujumbe wa faragha nikutumie.